Simama

Vigae vya jikoni ni vyeupe kwa vyeusi, bao la drafti,
nami nimepiga magoti juu yake saa kumi na mbili asubuhi,
nimetoka zamu ya usiku kiwanda cha biskuti,
unga ungali kwenye nyusi,
nampanga mbwa mguu kwa mguu.

Wa mbele kulia, kigae cheupe.
Wa mbele kushoto, kigae cheupe, kizima, si nusu.
Ya nyuma ivutwe kidogo, vifundo viwe wima.
Kiuno kipinde kama upinde uliolegezwa ugwe.
Mkia chini. Shingo juu, lakini asiringe.

Bi. Ormerod anasahihisha kutoka kitini,
nyonga ya chuma, mikono inayotikisa chai
hata kisahani hunywa kabla yake.
"Kasimama kama meza ya seremala mlevi.
Rudia."
Amefunza kumi na tisa. Huyu, Tansy, ndiye wa mwisho,
na vidole vyake havishiki tena kamba nyembamba.
Hakuniomba. Alisema tu kwamba kodi ya chumba
inaweza kupungua, akaniwekea ini la kuchemsha kwenye bakuli.

Neno lake la Kiingereza lilimpita mbwa
kama upepo unavyopita chini ya mlango.
Wiki mbili. Ya tatu, kwa uchovu, likanitoka langu:
Simama.
Akasimama.

Bi. Ormerod akataka kujua maana.
Nikamwambia: ukimwambia anayekwenda, anakoma;
ukimwambia aliyekaa, anainuka.
"Neno lilelile?"
Lilelile.
Akaizungusha chai yake. "Na mbwa anajuaje lipi?"

Mama kwenye simu, kutoka Pangani:
Umemgusa?
Nimemgusa.
Amekulamba?
Mtandao unakatika, Mama.
Haukatiki. Osha mara saba, moja kwa udongo.
Basi kila asubuhi nachota kijiko
kwenye chungu cha maua cha Bi. Ormerod, dirishani.
Maua yameanza kuegemea upande.
Hajauliza.

Ukweli ni kwamba kazi hii naijua kwa upande wa pili.
Kabla ya viza nilisimamishwa kifua wazi
mbele ya bamba la baridi, mabega mbele, kidevu juu,
mikono ya mtu ikininyoosha bila kuniangalia usoni.
Vuta pumzi. Ishike. Usitikisike.
Kisha akaingia chumba cha pili kuzungumza na mtu,
akasahau kuniambia niitoe.

Jumapili, ukumbi wa kijiji nje ya Settle,
makoti yaliyolowa, harufu ya manyoya na supu.
Jaji ana tai ya sufu ya kijani, mikono mikavu.
Anamfunua mdomo Tansy, anahesabu meno,
anapitisha kiganja mgongoni hadi kiunoni,
anabonyeza paja kama mnunuzi wa embe asiye na haraka.
Ngozi juu ya mbavu inatetemeka, naiona.
Miguu haiendi popote.
Mtoto kamwaga vibanzi nyuma yetu; sikio moja likageuka,
moja tu, likarudi.
Nami mkononi nina kipande cha ini kinachoyeyuka,
nanong'ona neno letu, neno la Pangani,
kwa sauti ya mtu anayemwomba mwenzake asilie hadharani.

Wa tatu.
Kati ya wanne.

Garini Bi. Ormerod alinyamaza mpaka Gisburn.
Kisha: "Wa nyuma kushoto. Upana wa kidole."
Kisha, karibu na nyumbani, akiangalia kondoo:
"Simaaama," akalivuta vibaya, akalijaribu tena.
Kiti cha nyuma, Tansy aliyekuwa amelala
akainuka, akayumba kwenye kona, akasimama.

Leo nimerudi kutoka zamu, taa sijawasha.
Yuko jikoni tayari, juu ya vigae vyake vinne,
shingo juu, mkia chini, hakuna aliyemwita.
Bakuli tupu. Bibi amelala.
Namwambia inatosha. Namwambia nenda, lala, starehe, basi.
Ananitazama.
Miezi mitano, na sikumfundisha
neno la kumaliza.